Mama Mukwe Ndani ya 404

Ninyi vijana mnaokuja kila Jumamosi kwenye kiwanja changu hapa Kalemie, mnaegemea gari yangu, mnapiga picha, mnaenda zenu: leo mukae kwanza. Picha mumepata, sasa mupate na maneno. Na wewe mwenye miwani ya jua, toa kiwiko chako juu ya kapo, kifuniko hicho cha mbele. Rangi ile niliipaka kwa mikono yangu, na nyingine sina.

Watu wananiuliza, "Papa Anyesi, unafanya nini na chuma hiki cha zamani? Si uendeshe pikipiki kama wenzako?" Mimi ninacheka tu. Nilikuwa mekanisiani, fundi wa mashine, kwenye atelie, karakana ya reli, tangu ndevu hazijaota mpaka zikawa nyeupe. Kule nilitengeneza nilichoambiwa na wakubwa. Hii gari ya 404 hakuna mukubwa aliyeniambia niitengeneze. Naamuka, nakunywa chai, nafungua kapo kwa sababu moyo wangu unataka. Mungu amenipa uzee wenye kitu cha kufanya, na mimi ninamushukuru kila siku, hata siku ile inapokataa kuwaka.

Gari ilikuwa ya Papa Kabwe, mukubwa wangu pale atelie, muntu aliyenifundisha kila kitu ninachokijua na vingine ambavyo nimekwisha kusahau. Alipopumzika kazi, gari ikabaki nyuma ya nyumba yake bila mipira ya magurudumu, kuku wakaifanya nyumba ya kutagia. Siku moja akaniita. "Wewe unapenda sana maswali," akasema. "Chukua hii, ukaiulize." Alitaka ahadi moja tu: nisiikate vipande nikauza. Tukaitafutia mipira mibovu, tukaisukuma. Ndani kulikuwa na kuku analalia mayai kwenye kiti cha nyuma, amekataa kabisa kutoka. Basi tukamusukuma naye. Watu wa barabarani wakapiga makofi, "Muheshimiwa anapita!" Na kweli kuku yule alikuwa anaangalia dirishani kama muheshimiwa.

Papa Kabwe alikuwa na dole gumba lililopinda, linaangalia upande wake peke yake. Mukijua kwa nini, mumejua somo la kwanza. Gari hizi za zamani zinawaka kwa manivela, ile fimbo ya chuma inayoingizwa mbele unaizungusha kwa mukono. Muntu asiyejua anaishika kama jembe, vidole upande huu, dole gumba upande ule. Siku motere, injini yenyewe, inapopiga kinyume, manivela inarudi kwa nguvu, na dole linabaki njiani. Vidole vyote vikae upande mmoja! Na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Kila mara nilipoishika vibaya, Papa Kabwe alikuwa ananionyesha tu lile dole lake. "Asiyesikia la mukubwa," alikuwa anasema akiwa na hali nzuri, "huvunjika dole."

Ya pili ni kutu. Musiidharau kutu. Inaanza kidogo tu kama chunjua chini ya mulango, unasema nitaiona kesho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sakafu yote ya upande wa shofere niliijenga upya kwa bati la pipa, kwa sababu kuna muntu, simutaji, alisema kesho. Ya tatu: usikimbilie kununua. Nafasi ya vile vidude vya kutoa moto ndani ya delko, kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, nilikuwa naipima kwa karatasi ngumu ya boksi ya kiberiti, na inawaka mpaka leo. Ya ine: uijue tabia ya gari yako. Motere ya hii imelala ubavu, si ya kusimama, kwa hiyo ukimwaga kitu juu yake hakianguki pale unapofikiri. Na deferansi yake, ile gia ya kati ya magurudumu ya nyuma, inataka mafuta ya mbarika, mafuta ya mumea, siyo haya ya petroli. Shikeni hilo la mafuta ya mumea, maana njo hilo hasa lilitaka kuniaibisha mbele ya ukoo muzima wa bibi yangu.

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, Mama Anyesi, alikuwa anaiita gari "mukewenza". Nikichelewa kula, anatuma mutoto: "Kamuulize kama mukewenzangu amemupikia." Nguo zangu za mafuta alikuwa anazifua akiimba wimbo wa kunitukana, wimbo alioutunga mwenyewe, na majirani walikuwa wanaujua. Lakini ni yeye aliyeshona viti vyote upya, kwa sindano ya magunia. Musikubali kudanganywa na mudomo wa mwanamuke, muangalie mikono yake.

Sasa, yeye ni muntu wa Pepa, kule juu Marungu kwenye ng'ombe na baridi. Na kwao, sawa na kwetu, mukwe anaogopwa. Si kuogopa kama simba, hapana, ni heshima. Mama aliyekuzalia bibi humuangalii usoni. Hukai naye kwenye mukeka mumoja, huli mbele yake, jina lake hulitaji. Ukimuona anakuja njiani, unaingia kwenye majani mpaka apite. Ninyi wa siku hizi munapiga picha na wakwe zenu mumeshikana mabega, mimi sisemi kitu. Mimi wa kwangu nilimujua kwa mugongo na kwa sauti, na yeye mimi hivyohivyo. Kuna njia ya kuimaliza ile haya ya ukwe: mama mukwe mwenyewe, siku atakayopenda, anakuita, munakula pamoja, basi imeisha. Wengine wanaimaliza akizaliwa mutoto wa kwanza. Wa kwangu hakuimaliza. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakazaa, bado. Sikuuliza kwa nini. Nani angeuliza?

Kiangazi cha mwaka juzi, shemeji yangu Leonsi akapiga simu kutoka Pepa. Mama haoni tena. Mutoto wa jicho amefunika macho yote mawili, na siku ile alikuwa ameanguka kwenye jiko, mukono ukaungua. Sasa musikie bahati: wiki ileile madaktari wa macho walikuwa wamefika kwenye hospitali hapa kwetu, wanapasua watu, wanaona. Lakini siku yao ya mwisho ya kupasua ilikuwa Ijumaa, na kurudi kwao hakuna aliyekujua. Bibi yangu akakaa chini pale mulangoni, simu bado mukononi.

"Papa Anyesi," akasema, "mama yangu atakufa gizani?"

Tukahesabu njia. Kamio, malori ya kubeba ng'ombe, zipo, lakini muzee yule atapanda vipi juu ya kamio? Pikipiki, siku mbili kwenye mawe, atafika amekufa. Nikaangalia nje. Na yeye akaangalia nje. Mukewenza alikuwa pale, ameoshwa, anang'aa.

"Itafika?" akaniuliza.

"Itafika," nikasema. Sikujua kama itafika.

Nilipokagua fre, breki zangu, nikakuta maji yake yamevuja. Kaoshu, zile raba za ndani, nilikuwa nazo, nikabadilisha. Lakini maji ya fre yenyewe hayakuwepo mujini, boti ya Kigoma ilikuwa haijaingia. Nikamukumbuka Papa Kabwe. Miaka ile ya vita, hakuna kitu madukani, yeye alijaza fre kwa mawese. Ndiyo, mawese haya ya kupikia maharage! Alikuwa na sababu: mafuta ya motere yanakula kaoshu za zamani, zinavimba, fre inakufa, mafuta ya mumea hayali. Na kweli alitembea nayo hapa kando ya ziwa bila shida. Basi nikapasha mawese, nikayachuja kwa kitambaa, nikayachuja tena, nikajaza. Fre ikashika vizuri. Nikajisifu barabara nzima, siku mbili za mavumbi, mpaka bibi yangu akasema ninyamaze.

Tukafika Pepa Jumatano jioni. Mimi nikaenda kulala kwa Leonsi, mbali na nyumba ya mukwe, kama inavyotakiwa. Asubuhi, wee! Baridi ya Pepa kiangazi inauma meno. Kwa desturi yangu sitoki mahali bila kujaribu fre kwanza, na desturi ile musiiache hata siku moja. Nikawasha, gari ikaenda kidogo, nikakanyaga. Pedali ngumu kama jiwe. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Hakuna. Gari ikaenda polepole, bila haraka, ikavunja uzio wa Leonsi, ikasimama mbele ya ng'ombe. Ng'ombe akalamba taa.

Nikafungua chupa ya fre. Mawese yalikuwa yameganda, yamelala manene kama siagi. Yesu Maria! Kalemie hayalali kwa sababu Kalemie kuna joto. Papa Kabwe hakuwahi kupanda Marungu na gari hii, na mimi sikufikiri. Ilikuwa Alhamisi. Kama hatuondoki asubuhi ile, Ijumaa hatuifikii, na macho ya mama mukwe wangu yamekwisha. Watu wakakusanyika, kila mumoja na shauri lake. Mumoja akasema tungoje jua. Jua la Pepa! Bibi yangu alikuwa amesimama pembeni ameshika mudomo, na mimi sikuweza kumuangalia.

Mama mukwe alikuwa barazani, amekaa ametupa mugongo kwetu, tayari ameshavaa nguo za safari. Akamuuliza binti yake kelele ni za nini. Binti akamueleza. Halafu muzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Muambieni huyo mwenye gari," akasema kwa sauti, bila kugeuka, "mawese ya ziwani yakipanda huku yanalala. Hata ya jikoni kwangu yanalala. Sisi tunayaamusha kwa moto."

Wanawake wa kiwanja kile, Mungu awabariki mumoja mumoja, wakaweka masufuria kwenye majiko yote. Wakaja na maji ya moto wanacheka, wananitania, "Shemeji, tuongeze na chumvi?" Mimi chini ya gari nawaonyesha: mwaga hapa, kwenye mupira huu, kwenye bomba hili, polepole. Bibi yangu mwenyewe alimwagia chupa ya fre. Nikakanyaga. Ngumu bado. Nikakanyaga tena. Ikalegea, ikashuka, ikarudi. Wakapiga vigelegele kama tumepata mutoto.

Sasa kazi ya pili: mukwe na mukwe ndani ya gari moja. Leonsi alikuwa anakuna kichwa. Bibi yangu hakukuna kitu. Akatoa kitenge kwenye mufuko, akakifunga kati ya viti vya mbele na vya nyuma, kutoka juu mpaka chini, akabana kwa pini. Kile kioo cha kuangalia nyuma akakigeuza kikaangalia paa. Mama akaingia nyuma na binti yake. Mimi mbele peke yangu, kama shofere wa gavana.

Kushuka mulima kwa fre ya mawese, ninawaambia wazi, musifanye. Mimi nilifanya kwa sababu ya macho ya muntu. Niliiweka kwenye vitesi, gia ya pili, motere ikashika gari, mguu wangu ukagusa pedali kidogo tu pale kwenye kona. Muntu anashuka mulima kwa vitesi, fre ni ya kusimama. Na kila tulivyoshuka, joto likapanda, na mawese nayo yakazidi kuamuka.

Saa nzima ya kwanza nikashindana na mawe tu. Halafu sauti ikatoka nyuma ya kitenge.

"Weye gari, mbona unaruka kama mbuzi?"

Nilitaka kujibu, nikakumbuka. Kusema naye moja kwa moja, hapana. Lakini yeye hakusema na mimi, amesema na gari. Basi na mimi nikasema na gari.

"Gari," nikasema, "muambie Mama barabara ina mashimo, atusamehe."

"Gari, nimesikia. Muambie mwenye kukuendesha ayakwepe."

"Gari, muambie Mama nikikwepa haya ninaingia mule."

Bibi yangu alikuwa anacheka mpaka kiti kinatikisika. Hivyo njo tulivyosafiri. Alimuuliza gari mambo ya Kalemie, kama ziwa bado linakula nyumba za watu, kama wajukuu wanaenda kanisani, na gari akajibu yote. Saa sita muzee akasema, "Gari, mwenye kukuendesha amekula?" Nikasema, "Gari, muambie Mama bado, tangu jana." "Gari, simama. Ale." Mukono wa bibi yangu ukapita pembeni ya kitenge na viazi vya Pepa vilivyochomwa, bado vya moto ndani ya majani.

Usiku ule tulilala kwa ndugu upande wa Moba, tukaondoka giza bado halijaisha. Njiani Ijumaa ile muzee alianza tena na mashimo. Halafu akasema polepole, "Gari, huyu mwenye kukuendesha, anamutunza mutoto wangu?"

Watoto wangu, swali lile mungelijibu vipi? Nitajisifu mimi mwenyewe? Nikapiga honi. Mara moja, kwa nguvu. Mbuzi wakakimbia barabarani, na nyuma ya kitenge wanawake wawili wakacheka kwa sauti moja, sikujua tena ipi ya mama na ipi ya mutoto.

Tulifika hospitali alasiri. Watu wa mulangoni walikuwa wanafunga sanduku za vifaa. Daktari wa mwisho amekwisha kuvua glavu. Bibi yangu akamuingiza mama yake akimushika mukono, mimi nikabaki kwenye gari na motere inawaka, naogopa kuizima kama vile ikizimika na daktari ataondoka. Yule daktari akamuangalia muzee mwenye mavumbi mpaka kwenye kope. Akavaa glavu nyingine. Jina lake sikulijua, hata leo silijui, lakini kila Dominika ninamuwekea sala yake. Kama mumoja wenu atakuwa daktari, awe kama yule.

Wakapasua jicho la kulia. Jumamosi asubuhi wakaja kutoa kitambaa. Mimi nilikuwa nje kwenye baraza ya hospitali, nimegeukia ukuta, kwa sababu sasa ataona, na mimi nikae mbali zaidi. Nikasikia bibi yangu analia ndani. Akatoka.

"Papa Anyesi, anakuita."

"Nani?"

"Mama. Anasema mwenye gari aingie."

"Anaona?"

"Ingia, bwana!"

Nikaingia, macho chini. Niliona saruji, niliona miguu ya vitanda, niliona miguu miwili midogo ya muzee inaning'inia. Nikasimama pale. Mikono nikaificha nyuma, maana ilikuwa bado myeusi kwa mafuta ya gari.

"Inua kichwa," akasema. Hakusema na gari.

Nikainua. Watoto wangu, tangu nilipooa, sikuwa nimeona uso ule. Ulikuwa uso wa bibi yangu, pua ileile, kidevu kilekile, ila umekunjwa na jua la mulimani. Jicho moja lilikuwa jekundu, linatoa machozi, lakini linaona. Likanipima kutoka juu mpaka chini, likarudi juu kwenye nywele zangu.

"Ee!" akasema. "Kumbe na wewe uko muzee!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Wagonjwa, manesi, muntu wa kupangusa sakafu, wote. Mimi pia nikacheka. Lakini yeye alikuwa ameacha kucheka, ananiangalia tu.

"Mimi miaka yote," akasema, "nilikuwa namukimbia kijana. Nilikuwa nasema nitamuita, iko siku. Nilifikiri tuko na wakati."

Akasogea kitandani, akapiga godoro kwa kiganja. "Kaa, mutoto wangu."

Nikakaa. Akatoa mukate aliokuwa ameletewa na binti yake, akauvunja katikati, akanipa nusu. Nikaula mbele yake machozi yananitoka, na yeye akala wa kwake, tukiangaliana.